Saa ya Mzee Kang'ethe Iko Kwangu

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Ruiru leo, kwa Mzee Kang'ethe. Nilimbebea ndizi za kuiva na gazeti. Ndizi alikula. Gazeti aliliwekea glasi ya maziwa juu.

Habari kubwa — saa imekataa kwenda! Ile ya mfukoni, ya dhahabu, yenye kidirisha kwenye kifuniko. Tangu nistaafu kiwandani nimekuwa nikienda kwake Alhamisi nikijifanya namtembelea yeye. Na kweli namtembelea yeye pia. Lakini kama asingekuwa na saa ile, sidhani ningezijua njia za Ruiru vizuri hivi.

Hajawahi kukubali kuniuzia. Anasema si yake. Alikuwa karani kwenye shamba la kahawa, na baada ya uhuru mzungu wake alipofunga virago aliiacha kwenye droo ya ofisi, akamwambia: iweke, nitatuma mtu aichukue. Hakutuma mtu. Mzee ameiweka mpaka leo. Kila asubuhi akimaliza kuomba anaitia ufunguo, mwenyewe asije akaikuta imelala. Nilishamwambia kwamba mwenyewe, kama yuko hai, ana miaka mia na zaidi. Akasema, "Hata kama. Mimi niriambiwa niiweke. Sikuambiwa mpaka rini."

Basi leo ananiita karibu. "Mama Mutie, hii kitu imerara. Enda nayo uioshe, uniretee." Akanitia mkononi. Hivyo tu! Miaka yote hiyo nimekuwa nikiitazama kwa mbali kama paka na nyama iliyotundikwa, na leo nimepewa kama mtu anayepewa kikombe akioshe.

Hakukuwa na mtu mwingine ndani. Ndunge, msichana anayemtunza — wa kwetu Ukambani, upande wa Yatta — alikuwa ameenda dukani. Saa nikaitia kifuani, pale mama zetu walipokuwa wakiweka pesa, nikarudi kwangu Kiganjo nimekunja mikono kama mwenye homa.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeifungua.

Alama zilizogongwa ndani ya ganda: nanga, taji, na 18. Nanga ni ya Birmingham, basi, na 18 ni dhahabu ya kweli, si ya kupaka. Zile za Amerika za kupaka huandikwa ndani kwamba dhahabu haitabanduka kwa miaka ishirini, na ukweli ni kwamba nyingi zilitimiza ahadi, lakini baada ya hapo shaba inaanza kuchungulia kwenye kingo. Ninazo kama hizo kwenye kabati. Nazipenda, lakini kwa kuzihurumia. Hii haitaki huruma ya mtu.

Tarakimu za buluu zimezunguka kidirisha, kwa hiyo unasoma saa bila kuinua kifuniko. Wanasema ilibuniwa kwa ajili ya watu wenye hatamu za farasi mkono mmoja. Karani wa Ruiru hakuwa na farasi. Ilimfaa tu vivyo hivyo.

Lakini ninachokipenda zaidi kiko ndani ya kifuniko cha nyuma, na bila lenzi hukioni. Mafundi! Zamani fundi akimaliza kazi alikwaruza alama yake kwa sindano, ili saa ikirudi aijue. Kuna 1911 na herufi mbili. Kuna nyingine ya miaka ya ishirini. Kuna mbili za Kigujarati, bila shaka za Nairobi, fundi mmoja mwenye mkono mzuri na mwingine mwenye haraka. Huo ndio ukoo wake. Saa haina cheti cha kuzaliwa, ina hao.

Ugonjwa wenyewe mdogo. Mafuta yamekauka yakawa gundi. Kiwandani kazi yangu ilikuwa kukataa mikebe iliyobonyea, mchana kutwa, kataa, pitisha, kataa. Mikono haijasahau. Leo ilizunguka saa hii yote ikitafuta cha kukataa, haikupata.

Jumamosi, 6 Septemba

Mjini, kwa Okello fundi wa saa. Sikumwambia nina nini nyumbani. Nilitaka tu kuchungulia mkebe wake.

Mkebe umejaa. Mashine za saa za mfukoni, nzuri, nyingine zenye vito vyekundu, zote uchi. Watu wanakuja kununua maganda ya dhahabu wakayeyushe, mashine wanamwachia. Okello anasema dhahabu ikipanda bei, mkebe unajaa. Ndivyo ilivyokuwa huko zilikotengenezwa pia wakati wa vita na wakati wa njaa: ganda linaenda kwenye moto, moyo unabaki kwenye mkebe. Ndiyo sababu zilizo nzima ni chache. Hazikuvunjika. Ziliyeyushwa.

Nilinunua mashine moja. Sijui ya nini. Huwa nanunua.

Jumapili, 7 Septemba

Imekwenda! Nimeiosha, nimeitia mafuta kwa ncha ya sindano, nimeitia ufunguo kidogo — na gurudumu likaanza kupumua. Niliacha kwenda kanisani. Nitaipeleka Alhamisi.

Jumatatu, 8 Septemba

Mzee Kang'ethe amefariki. Jana jioni, kwenye kiti chake. Ndunge alipiga simu asubuhi. Alisema habari hiyo kwa Kikamba, taratibu, kisha akanyamaza kama anayesubiri. Nikamwambia pole. Nikamwambia nitakuja.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda kutoa pole. Tenti, viti vya kukodi, wamama wa kanisa jikoni. Watoto wake wawili walikuwepo: Ephantus, wa biashara ya vifaa vya ujenzi, na Mumbi, anayekaa mtaa wa Kahawa Sukari na kufundisha chuoni. Mazishi Ijumaa ya wiki ijayo. Mkutano kila jioni.

Nilikuwa nimeibeba saa. Niandike hilo kwa sababu ni kweli: nilikuwa nimeibeba, kwenye mkoba, imefungwa vizuri, na nia yangu ilikuwa kumpa Mumbi.

Ephantus ndiye aliyeanza. Alinisogezea kiti, mtu wa adabu sana, akasema yeye na dada yake wamewaza jambo. "Mama Mutie, wewe ndiye unajua hizi vitu. Ile saa ya mzee — tukiiyeyusha, inaweza toa misalaba ngapi? Ile midogo ya shingo. Tunataka kila mjukuu avae kipande ya guka yake."

Nikamuuliza kwa nini isibaki saa.

"Ikibaki saa itakaa kwa nani? Kwangu? Mumbi atasemaje? Kwa Mumbi? Wajukuu ni wengi, na mzee hakuwa na upendeleo. Hata mbuzi ya Krismasi tulikuwa tunagawa mpaka utumbo."

Na macho yalikuwa yamemjaa machozi. Angekuwa mroho ningejua la kumfanya. Huyu anataka kuichoma kwa upendo! Mumbi naye akiitikia kwa kichwa, akisema ni beautiful idea, na kwamba wajukuu wa Marekani watatumiwa zao.

Nilisema misalaba haitakuwa mingi sana. Nikashika mkoba. Nikarudi nao nyumbani.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamegundua haipo.

Mumbi alienda kwenye droo ya mzee kuitoa, ionekane kwenye picha ya kijitabu cha mazishi. Droo ina miwani, meno ya bandia, Biblia ya Kikuyu, mnyororo wa saa. Saa hakuna. Wakageuza godoro, wakageuza viti. Kisha wakaacha kutafuta wote mara moja, na nikajua kabla sijageuka kwamba wanamtazama Ndunge.

Mumbi alimuuliza kwa upole. "Ndunge, hatukulaumu. Just tell us. Labda uliiweka mahali ukasahau." Ndunge akasema hajaiweka mahali. Ephantus akasema hata yeye hataki mambo ya polisi wakati wa msiba. Halafu akasema, lakini. Neno hilo moja, akaliacha hapo. Shangazi yao mmoja akasema nyuma yangu kwamba hawa wasichana wa Ukambani ukiwapa funguo. Hakumaliza. Alikumbuka nimekaa mbele yake.

Nilifungua mdomo nikamwaga chai ndani yake.

Ijumaa, 12 Septemba

Sababu, kama zilivyo kichwani, bila kuzipamba:

Nikisema leo iko kwangu, wataniuliza mbona Jumanne sikusema. Halafu wataichukua wakaiyeyushe. 1911, miaka ya ishirini, Wagujarati wawili — misalaba.

Mzee mwenyewe hakuwaambia waiyeyushe. Aliambiwa aiweke. Akaniambia mimi niioshe.

Nimrudishie. Ndivyo alivyosema. Sasa nimrudishie nani?

Nitasema baada ya mazishi, wakishatulia. Ndunge hawatamfanya kitu. Ni watu wa kanisa.

Sababu nzuri zote. Ningekuwa bado kiwandani, hakuna hata moja ningepitisha.

Jumapili, 14 Septemba

Mambo yameharibika.

Mkutano ulikuwa umejaa, pasta alikuwepo. Ephantus akasimama akasema kwamba jambo la saa linawanyima amani, na kwamba kama haijapatikana kufikia Alhamisi, kabla mzee hajalala, watamkabidhi Ndunge kituoni akajieleze huko. Aliomba msamaha akilisema. Mumbi alikuwa anakata kucha kwa meno.

Ndunge alikuwa amebeba treya ya vikombe. Akaiweka chini. Akasema, si kwa sauti kubwa:

"Sawa. Lakini kabla ya kituo, mimi naomba kithitu. Kila mtu aliingia hii nyumba huu mwezi aape. Hata mimi. Mimi nitakuwa wa kwanza."

Kwanza hawakuelewa. Mtu akawaeleza kwa Kikuyu — kiapo cha Wakamba — na Ephantus akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Pasta aliweka kikombe chake chini kama kina nyoka. Mumbi akasema hii ni nyumba ya Wakristo, tafadhali. Yule shangazi akasema haki haina dini! Ghafla alikuwa upande wa Ndunge. Wakabishana mpaka jua likazama. Pasta akakata shauri: kithitu hakuna. Alhamisi asubuhi, baada ya maombi, kila aliyeingia nyumba hii atasimama mbele ya familia aseme anachojua, kwa jina la Mungu, na yaishe.

Jina langu lilitajwa kati ya walioingia. Kwa heshima. "Na mama yetu huyu, ambaye mzee alimpenda sana."

Ndunge alipokuwa anasema hakumtazama Ephantus wala pasta. Alinitazama mimi. Labda kwa sababu ni mimi tu Mkamba mwingine pale.

Jumatatu, 15 Septemba

Mimi ni mtu wa kanisa la AIC. Nimebatizwa, nimeolewa kanisani, mume wangu alizikwa na kwaya mbili. Kithitu sikiamini.

Kwetu hakikutajwa ovyo. Watu wawili wakishindana juu ya shamba, ng'ombe, mtu anasema basi twende tukaape, na hapo hapo mwongo anakumbuka ana shughuli kwingine. Kwa sababu aliyeapa uongo hafi yeye. Wanaanza kufa watu wa nyumba yake. Bibi yangu alikuwa akituonyesha boma lililobaki vichaka tu, akisema hapo paliapwa. Sisi watoto tulipita mbio.

Nilimpigia Mutie simu, yuko Athi River kazini. Habari ya kazi, habari ya watoto. Alikohoa. Nikamuuliza ni kikohozi gani. Ni cha vumbi, mum, wanajenga kando yetu. Tukaongea mengine. Nikamuuliza tena kama kikohozi kinamzuia kulala. Akasema, mum, uko sawa?

Niko sawa. Hakuna aliyeapa. Na sikiamini.

Jumanne, 16 Septemba

Saa inakwenda vizuri mno. Naiweka karibu na sikio nikipika.

Kuna jambo sijalimaliza. Kila ninayoiosha huwa naikwaruza alama yangu ndani, kama wale wa zamani: K, na mwaka. Kaluki, jina langu, basi. Niliwasha taa, nikashika sindano, nikatafuta nafasi chini ya Mgujarati mwenye haraka. Nafasi ipo. Mkono ulikataa. Wale walikwaruza kwa sababu saa ilikuwa inarudi kwa mwenyewe. Mwizi hatii sahihi.

Nimeliandika hilo neno na halijafutika. Siwezi kusema sikuliona.

Alhamisi, 18 Septemba

Asubuhi. Ndunge yuko hapa.

Nilikuwa nimepanga kwenda peke yangu, nikafika mlangoni, ukagongwa. Amevaa gauni jeusi la kuazima, linamning'inia mabegani. Nikadhani amefukuzwa. La. Ametoka Ruiru alfajiri kuja kunichukua. Nikamkaribisha chai. Nilikuwa nimeifunika saa kwa taulo pale mezani, lakini ilikuwa inasikika. Chumba changu ni kidogo. Tuliisikia sote wawili.

Akaniita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, mimi sikuja kuuliza. Mzee aliniambia jioni ile ile. Niliporudi dukani. Alisema saa imeenda kwa Mama Mutie kuoga."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini hakusema siku ile ya kwanza, walipogeuza godoro?

"Ningesema aje? Wewe ulikuwa umekaa hapo. Nilingoja uongee. Ukakunywa chai. Nikasema, labda anangoja watu wapungue. Kesho yake pia nikangoja."

Nikamwambia angesema tu. Ni yeye wanayetaka kumpeleka kituoni!

"Na ukikataa? Wangeamini nani, mimi ama wewe? Halafu waseme, oneni, Wakamba wawili wanaitana wezi kwa matanga ya watu." Akazungusha kikombe, hakunywa. "Ndiyo nikaomba kithitu. Hao wengine hawaijui. Pasta aliogopa jina tu. Mimi nilikuwa naongea na wewe."

Ujumbe aliutuma mbele ya watu wote na hakuna aliyeusoma isipokuwa mimi, na mimi nikaenda kumuuliza Mutie juu ya kikohozi.

Nikamwambia juu ya misalaba. Nilimwambia yote — ganda, mafundi, mkebe wa Okello. Nilifungua taulo nikamwonyesha alama kwa lenzi. Aliinama akatazama kwa uangalifu sana, kama mtoto anayeonyeshwa mdudu. Akasema ni nzuri. Akasema Mzee hakuwahi kumwonyesha ndani.

"Wataiyeyusha," nikasema.

"Wataiyeyusha," akakubali. "Ni yao kuiyeyusha, ama ni ya yule mzungu, mimi sijui. Najua si yangu kufungiwa."

Nikamuuliza basi atasema leo, akisimamishwa? Nilitaka aseme ndiyo. Kweli kabisa, nilitaka aseme ndiyo, anitolee mzigo. Akatikisa kichwa. Hatasema. Hata huko kituoni hatasema. Wewe ni mtu mzima, mwaitu, akasema, jina lako nitalitajaje mimi? Ulitaje mwenyewe. Kisha akasimama, akasema atanisubiri nje nibadilishe viatu, maana njia ya kwa Mzee ni vumbi na hivi nilivyovaa ni vya ndani.

Naona aibu. Niandike hivyo hivyo tu, sina njia ya kuizunguka. Msichana ambaye nimemwacha apondwe wiki nzima amenijali viatu.

Nimeshavaa. Saa iko mezani, inakwenda. Mkoba uko kando yake, zipu wazi. Nikiweka saa ndani ya mkoba, kufikia mchana nitakuwa nimesimama chini ya tenti mbele ya wamama wa kanisa, na kufikia mwezi ujao hao mafundi wote watakuwa kwenye moto. Nikiiacha mezani, hakuna atakayenijua. Huyu aliye nje amenihakikishia.

Amegonga dirisha. "Mwaitu, twende. Watakuwa washaanza kuomba."

Nimemjibu nakuja. Amesema sawa, hana haraka. Naona kivuli chake kwenye pazia, amekaa kwenye ngazi, anapangusa viatu vyake kwa jani.

Amegonga tena. Nimejibu tena. Naandika tu, maana mkono huu ukiacha kalamu itabidi ushike kitu kingine